Rangi ya Dang'a

Kwetu Mhezi, milimani Upare, ukimaliza mwaka mzima bila kesi, majirani wanaanza kukuulizia afya. Mimi ni mtoto wa huko, kwa hiyo nina haki ya kusema. Mtani wangu wa Kichaga akisema yeye, tutakosana. Watu hupenda kutusimanga kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili apate nauli ya kwenda kudai kuku mahakamani. Uongo mtupu. Baba yangu mdogo alidai kuku, tena mtetea, na hakuuza ng'ombe yeyote. Alikwenda kwa miguu.

Kwa hiyo mama yangu alipoamua kuweka nyumba yake na uzee wake wote juu ya kesi ya rangi ya gari, pale nyumbani hakuna aliyeshangaa. Mimi tu ndiye niliyekosa raha miezi yote ile.

Gari lenyewe ni pikapu ya marehemu baba. Tangu alipofariki lilikuwa limelala kando ya migomba, limefunikwa mabati, na kuku walikuwa wameshaligawana, wengine wanataga ndani na wengine wanalala nyuma. Kaka yangu, ambaye anakaa Dar es Salaam na ambaye tumbo lake hufika mlangoni kabla yake, alikwenda kwenye harusi ya rafiki yake akaona bwana harusi analetwa na gari la kizamani lililong'arishwa kama sahani ya mgeni. Akarudi na homa. Akatangaza kwenye kundi letu la familia kwenye simu kwamba gari la baba litafufuliwa, lirudi kama lilivyotoka kiwandani, rangi ileile, na Krismasi litapanda Mhezi. Kazi ya kusimamia akanitupia mimi, kwa sababu ninakaa Same na nina duka la vifaa vya ujenzi.

"Wewe si unauza rangi?" aliniambia.

Jamani, ninauza rangi za kuta na madirisha. Lakini kaka yangu akishasema amesema, nikatafuta lori likalishusha gari hadi Same, kuku wawili wakiwa bado ndani hawataki kutoka.

Fundi alipouliza swali dogo tu, rangi yenyewe ilikuwa ipi, ndipo mambo yalipoanza. Gari lilikuwa kijani, kijani ya madirisha, na wote tulijua hiyo aliipaka baba mwenyewe kwa brashi miaka ya mwisho mwisho; kuna hata unywele wa brashi umekaukia kwenye boneti mpaka leo. Kabla ya kijani je? Fundi akasema karibu na injini huwa kuna kibati cha kiwanda chenye namba ya rangi. Tukatazama, hakuna kibati, kuna matundu ya skrubu tu. Nikampigia mama simu. Akajua mara moja kilipo: baba alikitumia kuziba dumu la kumwagilia mboga.

Nikamwunganisha kaka kwenye simu ileile, tuulizane wote watatu.

"Bluu," alisema kaka. "Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka kabisa. Bluu ya anga."

"Bluu ni ya baadaye," alisema mama. "Gari lilipokuja kwangu lilikuwa na rangi ya dang'a."

Kwa wale ambao hawajafuga, dang'a ni yale maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa, mazito, yenye umanjano wa mbali. Si meupe, si ya njano, na ukiyaita krimu mama atakusahihisha. Kaka aliaga kwa adabu, kisha akanipigia mimi peke yangu.

"Umesikia?" akasema. "Umesikia sasa? Dang'a! Mama anaondoka huyu, kidogo kidogo, na wewe unamtetea."

Alikuwa anakusanya ushahidi kwa muda kwamba mama anapoteza kumbukumbu. Mama alimpigia asubuhi kumwambia jirani amefiwa, akampigia mchana kumwambia jirani amefiwa. Jumapili moja alimpa mchungaji jogoo, na Jumapili iliyofuata akamtafuta jogoo yuleyule uani ili ampe mchungaji, akamkosa, akamshuku mtoto wa jirani, wakati jogoo alishaliwa na mchungaji na familia yake. Kaka alikuwa ameshaandaa chumba Dar, chenye feni na runinga. Dar! Mwanamke ambaye akishuka Same tu anaanza kuaga watu kwa joto. Mimi nikasema mama abaki kwake. Hata mimi nasahau. Juzi nilimtafuta mteja aliyeacha miwani dukani, kumbe miwani ni yangu. "Mama abaki kwake," nilikuwa nasema kila siku, kwa sauti ya wakili, na kila siku tulikuwa tunamaliza salio la simu bila kupatana.

Mama huwa anasikia kila asichoambiwa. Kaka alipopanda kuja kusalimia, nami nikiwepo, tukamkuta amekaa barazani amevaa kitenge cha kanisani, na pembeni yake amekaa baba mdogo.

"Nasikia nimeshitakiwa," alisema.

"Mama, hakuna aliyekushitaki," alisema kaka.

"Kumbe mnanihukumu bila mashitaka. Hiyo ndiyo mbaya kabisa."

Kisha akatoa hoja yake, na ilionekana wazi amelala nayo siku nyingi. Gari likwanguliwe mpaka kwenye chuma. Rangi ya chini kabisa ikiwa bluu, yeye atafunga mizigo yake aende Dar bila neno. Ikiwa ya dang'a, asisikie tena mtu akimtajia Dar.

Hapo ndipo ungemwona baba mdogo. Yeye alikuwa mzee wa baraza miaka mingi, na tangu astaafu alikuwa anateseka na amani. Alikaa wima. Akauliza kila upande kama unakubali masharti. Nikadhani kaka, mtu wa mjini mwenye saa nzuri mkononi, atacheka aseme mambo haya hayaamuliwi hivyo. Wapi! Alikubali, tena akataka iongezwe kwamba matokeo yakitoka hakuna kukata rufaa. Nikawaambia huo ni wendawazimu, huwezi kupima kichwa cha mtu kwa rangi ya gari. Baba mdogo akanijibu kwa upole kwamba mimi si upande wowote kwenye shauri hili, ninyamaze.

Mama alinisindikiza mpaka kwenye kona ya njia. Alinishika mkono akaukamata sana.

"Fundi wako akichokonoa vibaya," alisema, "mimi nimekwisha."

Fundi wangu sasa. Ana gereji yake Same, kando ya barabara kuu, mahali ambapo upepo unapiga vumbi mchana kutwa na yeye anapulizia rangi humohumo, akidai vumbi la Same linaipa rangi uimara. Ni mtu wa maneno mengi kuliko thina anayochanganyia rangi. Alijisifu kwamba hahitaji mashine ya kuchanganya rangi wanayotumia Moshi, kwamba jicho lake linaweza kufuatisha rangi yoyote, hata rangi ya uongo wa mwanamke. Nikamwambia aanze kazi.

Akachukua msasa wa maji, akasugua duara kwenye mlango wa dereva. Ukisugua taratibu rangi zinajitokeza pete kwa pete, ya juu ikiwa pete ya nje na ya zamani ikiwa katikati. Ikatoka kijani. Ikatoka bluu, nzuri, laini, haina alama ya brashi. Chini ya bluu ikatoka praima ya kahawia, ile ya kushikia rangi tu, na chini ya praima chuma.

"Bluu," alitangaza fundi. "Kazi imekwisha."

Kabla sijamnyang'anya simu alikuwa ameshapiga picha na kumtumia kaka, maana anamjua anayelipa. Kaka hakujibu kwa maneno. Alituma picha ya kitanda kule Dar, kimetandikwa shuka mpya. Nilitamani kuwachapa wote wawili.

Nilifunga duka nikapanda. Habari kama ile huisemi kwa simu. Nilimkuta mama anachambua maharage uani, nikamwamkia, nikakaa chini kwenye mkeka, nikamwambia. Hakulia. Aliendelea kuchambua, halafu akaacha.

"Amekwangua wapi?"

"Mlangoni, mama."

"Mlango upi?"

"Wa dereva."

Wee! Alicheka mpaka ungo ukamponyoka na maharage yakasambaa uani kote. "Huo si mlango wetu!" alisema. "Huo si mlango wetu hata kidogo!"

Akanisimulia. Baba alikuwa anatoka Makanya, kule tambarare, mara ng'ombe wa wafugaji akakatiza barabara. Baba akakanyaga breki, gari likazunguka, ng'ombe akaupiga mlango kwa ubavu. Ng'ombe aliinuka akaenda zake kuwafuata wenzake, lakini mlango ulikuwa umekwisha. Baba akapata mlango mwingine Same kwenye gari lililokuwa limeuawa na ajali, ukafungwa, ukakaa sawasawa. Tatizo, ulikuwa wa bluu. Mtu mwingine angepaka mlango rangi ya gari. Baba aliuzunguka mlango ule, akaupapasa, akasema rangi nzuri kiasi hiki, ya kiwanda, haiharibiwi. Akapaka gari zima bluu ili lifanane na mlango.

Nilimwamini pale pale bila shahidi. Baba yangu ndiye aliyewahi kununua kitasa kizuri, akaona hakiendani na mlango wa chumbani, akatengeneza mlango mpya.

Lakini baba mdogo, nilipompelekea maelezo hayo, alisema maelezo ya mshitakiwa si kielelezo. Alitaka kitu cha kuona kwa macho. Nikashuka Same nikamwambia fundi atafute tena, na hapo nikaanza kuogopa kweli, maana marehemu alikuwa mtu wa kazi safi. Kabla ya kupaka bluu yake alikuwa amelipiga gari msasa wote mpaka chuma. Boneti: kijani, bluu, chuma. Mlango wa nyuma: kijani, bluu, kutu. Chini ya kiti kuku walikuwa wameshafanya yao, hakuna rangi ya kuzungumzia. Kila pete iliyofunguka ilikuwa inamsogeza mama karibu na lile feni la Dar. Fundi akaanza kunionea huruma, akaniletea soda, na huruma yake ikaniudhi kuliko maneno yake.

"Niambie," nilimwuliza, "ni wapi kwenye gari ambapo msasa wa mtu mwoga hauwezi kufika?"

"Mwoga wa nini?"

"Wa kuvunja kitu halafu atakiwe kununua kingine."

Akafikiri. "Chini ya raba ya kioo cha mbele," alisema. "Kule lazima utoe kioo."

Baba atoe kioo kizima kwa hiari yake? Asilani. Fundi akachukua wembe, akaikata ile raba ngumu kidogo kidogo kuanzia kona ya juu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa kimya. Raba ikaachia. Chini yake, ukanda mwembamba upana wa kidole, unaozunguka kioo chote, rangi ya dang'a. Safi, laini, imelala pale miaka yote ile bila kuguswa na mtu. Nilipiga kigelegele katikati ya gereji, watu wa stendi wakaja kuangalia nani anaolewa.

Tukatuma picha kwenye kundi. Hapo nikajifunza kwamba simu ni shahidi mwongo kuliko wote. Kwenye simu ya kaka ule ukanda ulionekana mweupe, akasema hiyo ni praima. Kwenye yangu ulikuwa wa njano. Kwenye ya baba mdogo, ambayo iliwahi kukaliwa na mtu mnene kanisani, ulikuwa wa waridi. Baba mdogo akazikataa picha zote. Akaamua kwamba fundi achanganye rangi inayofanana na ule ukanda, apande nayo Mhezi, na iwekwe kando ya dang'a yenyewe mbele ya macho yake.

Sasa dang'a hainunuliwi dukani. Ilibidi tusubiri ng'ombe wa jirani azae. Mimi mwenye biashara yangu, fundi mwenye gereji yake, na kaka mwenye ofisi Dar, wote tukawa tunauliza kila asubuhi habari za ng'ombe mmoja wa Mhezi. Kaka alikuwa anauliza huku akijifanya anasalimia tu.

Alipozaa, tulipanda. Fundi alibeba makopo yake ya rangi nyeupe, njano, kahawia na nyeusi kidogo, na vipande vya bati vya kujaribia, pamoja na kipande cha raba na picha za ukanda ule kichwani mwake, kama alivyosema mwenyewe. Ukungu wa mlima Shengena ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa, mama akakataa kutazama rangi yoyote mpaka upande. Tukakaa tunakunywa chai. Jirani alikuwa amekuja na bakuli la dang'a akalishikilia mapajani, akitukumbusha kila baada ya muda kwamba watoto wake wanalisubiri.

Jua likatoka. Fundi akachanganya, akapaka bati, akalisogeza.

"Hiyo ya ng'ombe aliyezaa wiki iliyopita," alisema mama. "Imeshakuwa maziwa."

Fundi akaongeza njano na tone la kahawia, akapaka bati la pili, akasema hii inafanana na ukanda kabisa, anaapa. Mama akaiangalia muda mrefu.

"Hii imezeeka."

"Mama, shikamoo, lakini hii ndiyo iliyoko kwenye gari!"

"Marahaba. Iliyoko kwenye gari imezeeka pia."

Fundi alichukia, akaanza hotuba. Katikati ya hotuba akanyamaza, akajipiga paji la uso. Rangi za zamani zikifungiwa gizani miaka mingi huwa zinaingia umanjano, alisema, na ukizirudishia mwanga umanjano unapungua. Akampigia mtu wake gerejini atazame ule ukanda, ambao kioo kilipotolewa ulibaki wazi juani. Yule mtu akajibu kwamba ndiyo, umepauka kidogo kuliko siku ile. Same hatuna mvua, lakini jua tunalo. Mama akamwomba jirani asogeze bakuli vizuri.

Bati la tatu fundi hakutaka liangaliwe likiwa bichi, akasema rangi mbichi inadanganya, ikikauka inabadilika. Tukangoja. Mama akaliweka kando ya bakuli, akainama, akasogea huku, akasogea kule, akasimama.

"Siku ile nilikuwa natoka zizini na ndoo," alisema. "Ng'ombe wetu mwekundu alikuwa amezaa alfajiri. Nikasikia honi, nikakimbia, nikaiweka ndoo chini karibu na tairi, nikaangalia ndoo, nikaangalia gari. Nikamwambia baba yenu, umeninunulia gari la dang'a. Hiyo hapo. Ndiyo hiyo."

Baba mdogo akavaa miwani, akatazama bati, akatazama bakuli, akatazama bati. Kisha akasema uamuzi utasomwa Krismasi, wahusika wote wakiwepo. Alikuwa ameshaamua, kila mtu alimwona usoni, lakini hukumu ya kusoma mbele ya watu wachache haina ladha. Jirani akachukua bakuli lake mbio.

Krismasi tulipanda na gari, limepakwa rangi ya dang'a. Kaka aliendesha, mimi nikakaa pembeni, na sitatia chumvi: lilikuwa zuri mno. Watu walitoka mashambani kuja kusimama njiani. Wazee waliolijua enzi zile walishika vichwa, wakasema lile lile, lile lile. Kaka alizima injini mbele ya baraza, akashuka, akasimama mbele ya mama, mikono nyuma.

"Shikamoo mama. Umenishinda."

"Marahaba mwanangu. Si mara ya kwanza."

Baada ya ibada tukakusanyika uani. Baba mdogo alisoma hukumu yake akiwa amesimama, ndefu, yenye historia ya ng'ombe wa Makanya na mlango wa ajali na raba ya kioo. Mwisho akasema mama amethibitisha madai yake, akili yake ni timamu, abaki nyumbani kwake, na mtu yeyote asimsumbue tena. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote. Nilikuwa nawaza chakula, na kwamba nikiwahi kushuka kesho nitafungua duka.

Mama aliinua mkono.

"Nimeshinda?" alimwuliza baba mdogo.

"Umeshinda, shemeji."

"Hakuna rufaa?"

"Hakuna."

"Basi sasa niseme." Akakaa vizuri. "Mwezi uliopita niliweka makande motoni nikaenda shambani. Nikiwa kule nikaona moshi, nikasema, leo nani anapika nyumbani kwangu? Nikaendelea kulima. Nilikuwa naona moshi wa nyumba yangu mwenyewe na naendelea kulima. Jirani ndiye aliyekimbilia ndani kuzima moto. Nilimkataza asiwaambie."

Kaka alifungua mdomo, mama akamnyamazisha kwa kiganja.

"Rangi ya gari ninayo, mpaka kufa. Ya asubuhi ya leo sina. Ninaogopa, wanangu. Naogopa sana. Ningesema kabla ya kesi, mngenipakia kama gunia. Sasa nimeshinda, hakuna wa kunipakia. Kwa hiyo mimi mwenyewe naomba. Peke yangu siwezi tena. Na kushuka sishuki. Nani atapanda?"

Sote tulitazama gari. Lilikuwa linang'aa pale, na sisi watu wazima tulikuwa tunalitazama ili tusitazamane. Kaka machozi yalimtoka, akayaacha yakashuka mbele za watu. Mimi wakili, niliyesema mama abaki, mama abaki, mpaka salio likaisha, sasa nikaanza kujiuliza. Niliposema abaki, nilikuwa nimepanga abaki na nani? Watoto wangu wameshakuwa wakubwa na wana kwao. Nina duka. Nina mlango wangu Same ambao nikifunga jioni hakuna anayeniuliza nimekula nini.

"Msijibu sasa," alisema mama. "Chakula kinapoa."

Hakuna aliyeinuka. Mama alianza kujikongoja kusimama mwenyewe, akitafuta mahali pa kushika.

"Mimi, mama," nilisema.

Sauti ilitoka ndogo. Baba mdogo akaweka mkono sikioni, akaniambia nirudie, wote wasikie, isije kesho ikabishwa.

Nikarudia.